Mkia Kwanza

Saa kumi kasorobo, usiku wa Februari.
Nje, mfereji wa Groningen umeganda
na baiskeli yangu imevaa theluji hadi kwenye kengele.
Ndani, mimi na Harmen na kahawa iliyopoa
tunangoja fuwele iseme.

Ni ndogo kuliko chembe ya chumvi,
nyekundu ya kutu, kwa chuma kilichomo moyoni mwake.
Miezi kumi na minne tuliibembeleza ikue,
tukaigandisha, tukaipeleka Hamburg ipigwe eksirei
kama mgonjwa.

Shuleni Leeuwarden mwalimu alituchorea kufuli na ufunguo,
akafuta ubao, akaenda zake.
Laiti ingekuwa rahisi hivyo!
Kufuli halihemi. Kufuli halipanui mdomo
likaufumba baada ya kumeza.
Mimi ningechora glavu,
ile ya sufu aliyonifumia beppe, bibi yangu,
ambayo mezani ni kitambaa kilichonywea
na haiwi mkono mpaka mkono uingie.

Sasa mtazame mgeni.
Kolesteroli: pete nne zilizoshikana bega kwa bega,
ngumu, bapa kama kigae;
nyuma, mkia wa kaboni nane unaoyumba;
mbele, kwenye kona, oksijeni moja tu na haidrojeni yake.
Huo ndio ulimi wake wote,
ndiyo hodi yake pekee katika lugha ya maji.
Mwili uliobaki ni mafuta,
na mafuta na maji ni lila na fila.

Kwa hiyo nilijua. Miaka miwili nilijua.
Nilisimama Uppsala mbele ya watu mia mbili nikasema:
anaingia kichwa kwanza, anabisha kwa oksijeni,
na ndani ipo asidi amino inayomwitikia karibu.
Vipo vimeng'enya vinavyompokea hivyo.
Kwa nini chetu kiwe na adabu nyingine?

Picha ikaja.
Wavu wa buluu ukajifuma polepole kwenye skrini.
"Wytske," Harmen akasema, "ulimgeuza."
Nikamuuliza nilimgeuza vipi.
Hakujibu. Aliweka kidole kwenye kioo.

Mkia.
Mkia ndio uliotangulia,
umeteleza kwenye njia nyembamba ichukiayo maji,
na maji yaliyokuwa yamejibanza mle yametoka,
molekuli moja moja, mbio, kurudi kwa wenzao.
Furaha hiyo ya maji, husema Harmen,
ndiyo nusu ya mapenzi yote haya.
Hakuna hodi. Hakuna anayeshika mkono.
Kuta laini tu, na kubanwa kudogo kudogo kwingi,
hadi ncha ya mkia ikatua juu ya chuma
kama chanda kwenye pete.
Na ile oksijeni niliyoihutubia Uppsala
imebaki mlangoni, nusu nje, ikipiga soga na maji.

Kimeng'enya hiki ni cha bakteria wa kifua kikuu,
yule aliyemlaza babu, pake Gerlof, miezi kumi na minane
kwenye veranda ya sanatoriamu: blanketi mbili, baridi usoni,
siagi, maziwa, mayai mabichi kila asubuhi
ili anenepe, apone.
Alipona. Pafu moja likabaki mfuko mtupu.
Kikulacho ki nguoni mwako, husemwa;
huyu yu ndani kuliko nguo,
ndani ya seli iliyommeza ili imuue,
akimega mafuta ya mwenyeji wake, pete kwa pete.
Siagi ile ilimlisha pake, au ilimlisha mgeni?
Usiniulize. Hakuna aliyepima.

Saa mbili Nynke atakuja na mikate
nimwambie afute slaidi ya kumi na moja.
Harmen anauliza tumwandikie nani kwanza.
Namwambia angoje. Nataka kuitazama tena,
taa zikiwa zimezimwa,
kabla sijazoea kuwa nilikosea.